Vifo vya wajawazito huku mbali na hospitali: maswali yanayoulizwa kila siku

Maswali haya yametoka kwa watu wa vijijini, visiwani na maeneo ya wafugaji, zaidi huku Tanzania, na majibu yameandikwa kwa lugha ya kawaida ili hata bibi anayesomewa na mjukuu wake wa darasa la saba aelewe. Kama mgonjwa yupo mbele yako sasa hivi anatoka damu nyingi au amekamatwa na kifafa, acha kusoma, piga 115 kwanza (namba ya bure ya dharura ya uzazi Tanzania), utarudi baadae.

Kifo cha uzazi ni kipi hasa? Aliyefariki wiki tatu baada ya kujifungua nae anahesabiwa?

Anahesabiwa. Hesabu inaanza mimba ikiingia mpaka siku 42 baada ya mimba kuisha, iwe amejifungua au imeharibika, ilimradi sababu imetokana na ujauzito au na ugonjwa ambao ujauzito umeuchochea. Ajali ya bodaboda haimo. Watu wanadhani hatari inaisha mtoto akishalia, wakati vifo vingi vinatokea baada ya hapo na masaa 24 ya kwanza ndio mabaya zaidi, na ndio muda ambao kila mtu nyumbani yuko bize na mtoto, anapakatwa, anapigwa picha, anatafutiwa jina, mama kaachwa chumbani peke yake "apumzike". Apumzike sawa, lakini awepo mtu wa kumfunua shuka kila mara aangalie damu.

Serikali inasema vifo vimeshuka sana. Mbona huku kwetu bado tunazika?

Swali hili linaudhi watu wa pande zote mbili. Utafiti wa taifa wa afya unaoitwa TDHS, wa 2015-16, ulitoa vifo 556 kwa kila vizazi hai 100,000, ule wa 2022 ukatoa 104, yani kushuka kwa zaidi ya asilimia 80, na ndio sababu Rais Samia alipewa tuzo ya Goalkeepers ya Gates Foundation Februari 2025. Sasa ujue namba hizi zinapatikanaje, wanapita nyumba kwa nyumba wanauliza kinamama una dada wangapi, nani amefariki, alifariki akiwa mjamzito au amejifungua karibuni? Kwa njia hiyo namba inaweza kuyumba sana juu au chini, na makadirio ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2020 yenyewe yaliweka Tanzania kwenye 238. Kwahiyo ubishi wa namba ipi ndio sahihi upo, ila kwamba vifo vimepungua sioni wa kubisha kwa nguvu, maana wanaojifungulia kwenye vituo wamepanda kutoka asilimia 63 mpaka 81 katikati ya tafiti hizo mbili, na vituo vya afya vingi vimeongezewa vyumba vya upasuaji.

Tatizo ni kwamba wastani wa taifa unamchanganya mke wa mtu wa Sinza, Dar, na mke wa mvuvi wa kisiwani. Hao 19 katika kila 100 ambao hawakufika kituoni sio watu wa mjini kwa sehemu kubwa, ni watu wa mwisho wa barabara, na barabara yenyewe masika haipo. Lengo la dunia ni kushuka chini ya 70 ifikapo 2030, na hizo namba zilizobaki kushushwa zinaishi hukohuko.

Kinachoua ni nini, umbali au ugonjwa?

Vyote. Mwilini kinachoua ni vitu vichache vinavyojulikana: kutoka damu, kifafa cha mimba, maambukizi, uchungu pingamizi (mtoto anakwama njiani) mpaka kizazi kinapasuka, na utoaji mimba usio salama. Hakuna hata kimoja ambacho hospitali ya wilaya iliyokamilika haina uwezo nacho wakati mwingi. Kinachokosekana ni muda.

Kuna hesabu ya kitaalamu ya tangu miaka ya 90 ambayo mimi ningeibandika kwenye kila ofisi ya kijiji. Inasema mama asipotibiwa kabisa, kwa wastani kuna muda gani kuanzia tatizo linapoanza mpaka kufariki. Uchungu pingamizi siku 3. Maambukizi siku 6. Kifafa cha mimba siku 2. Kizazi kikipasuka siku moja. Damu inayotoka kabla ya kujifungua masaa 12. Damu inayotoka BAADA ya kujifungua, masaa mawili.

Mawili. Alafu weka pembeni yake safari yako. Kumtafuta mwenye pikipiki, kumwamsha, kutafuta mafuta, kuvuka korongo, kufika zahanati, nesi anasema hapa hatuna damu twende wilayani, kutafuta gari. Kwahiyo usiulize hospitali iko kilomita ngapi, uliza ni masaa mangapi, saa nane usiku, masika ya mwezi wa nne, huna gari. Kijiji cha kilomita 15 kinaweza kuwa mbali kuliko cha kilomita 60 chenye lami.

Mwaka 1994 watafiti wawili, Sereen Thaddeus na Deborah Maine, waliupanga ucheleweshaji huu kwa aina tatu na mpaka leo ndio unaofundishwa: kuchelewa kuamua nyumbani, kuchelewa njiani, na kuchelewa kuhudumiwa ukishafika. Ukikaa na familia iliyofiwa ukawasikiliza vizuri utakuta mara nyingi vyote vitatu vilikuwepo, kila kimoja kilikula lisaa au mawili, na kila mtu anamlaumu mwenzake.

Damu kiasi gani ni nyingi? Si kila mzazi anatoka damu?

Kila mzazi anatoka damu na ndio maana watu wanachelewa kushtuka. Kitaalamu kuanzia nusu lita (mililita 500) ni hatari. Nyumbani hamna mtu wa kupima nusu lita ikiwa kwenye godoro, lakini kanga ipo kila nyumba. Kigoma mwanzoni mwa miaka ya 2000 kulikuwa na utafiti ambapo wakunga wa jadi walifundishwa kwamba kanga mbili zikilowa chapa damu hiyo imeshavuka kiwango, usingoje ya tatu. Kanga zetu saizi ni moja, kwahiyo ni kipimo kizuri tu. Na kwa mama mwenye upungufu wa damu tangu mwanzo, ambao huku ni wengi kwasababu ya malaria, minyoo na mlo, hata kanga moja na nusu inaweza kumlaza.

Hospitalini nako macho yanadanganya, nesi anaangalia anasema "kidogo tu". Kuna utafiti mkubwa unaitwa E-MOTIVE, ulifanyika hospitali 80 za Tanzania, Kenya, Nigeria na Afrika Kusini na matokeo yakatoka 2023. Walichofanya ni kumwekea mama mfuko wa plastiki wenye mistari chini ya makalio damu ionekane ni kiasi gani, na ikifika kiwango anapewa matibabu yote kwa pamoja, kusuguliwa kizazi, dawa ya kukaza kizazi, dawa ya kugandisha damu, dripu, na kukaguliwa kama amechanika, badala ya kujaribu hiki kwanza ikishindikana kile. Kutoka damu kwa kiwango kibaya kulipungua kwa asilimia 60. Mfuko wa plastiki wenye mistari! Hapo ndio unajua kwamba sio kila kitu ni mashine ya mabilioni.

Mkiwa nyumbani au njiani na kondo limeshatoka: mama akojoe, mtoto anyonye, na mtu asugue tumbo chini ya kitovu kwa nguvu ya wastani mpaka asikie kizazi kimekuwa kigumu. Haya yote mnafanya huku mnaondoka, sio badala ya kuondoka.

Zahanati ipo hapahapa kijijini. Kwanini nesi ananiambia nikajifungulie mbali?

Kwasababu anajua mwisho wa uwezo wake, na ukimpata nesi wa hivyo mshukuru. Zahanati inazalisha vizuri uzazi wa kawaida, inatoa sindano ya oksitosini (ambayo inatakiwa ikae kwenye friji nyuzi 2 mpaka 8, kwahiyo uliza friji inafanya kazi au ni kabati la chanjo lililokufa), inatoa dozi ya kwanza ya dawa ya kifafa cha mimba alafu inakupa rufaa. Haina chumba cha upasuaji. Haina damu. Mpango wa serikali wa afya ya msingi, MMAM, wa 2007 ulilenga zahanati kila kijiji na kituo cha afya kila kata, na kituo cha afya ndio baadhi yao sasa wanafanya oparesheni, lakini baadhi sio vyote, na chumba cha upasuaji bila mtu wa kumlaza mgonjwa kwa dawa ya usingizi ni chumba tu.

Wanaoambiwa wasogee mapema ni mwenye mimba ya kwanza akiwa bado binti mdogo, mwenye uzao wa tano na kuendelea, aliyewahi kupasuliwa, mapacha, mtoto aliyekaa vibaya, mwenye presha, aliyewahi kutoka damu nyingi uzazi uliopita, mwenye damu ndogo. Mwenye uzao wa tano ndio mgumu kushawishika, "mimi nimezaa wanne hapahapa, huyu ananishinda nini?" Kizazi kilichozaa sana kinachoka kukaza, na kisipokaza ndio damu zile za masaa mawili. Kuzaa wanne salama hakumkingi wa tano.

Nisogee nikalale wapi? Mjini sina ndugu.

Ulizia nyumba ya kusubiria wajawazito, wengi wanaiita mama ngojea. Hospitali kadhaa za wilaya na za mashirika ya dini zinazo, ni chumba au nyumba karibu na wodi, unaenda wiki mbili tatu kabla ya tarehe yako. Ukweli wake ni huu: kitanda kipo, chakula mara nyingi unajipikia, kwahiyo unaenda na unga, maharage, sufuria, na mtu wa kukaa na wewe kama inawezekana. Kinachowashinda kinamama sio kulala pale, ni walioachwa nyumbani. Nani atachota maji, nani atapika, mbuzi nani atawafungulia? Hilo ni swali la familia nzima na linatakiwa lijibiwe mwezi wa saba wa mimba sio wa tisa. Kina baba wanaosema "hatuna wa kukuachia watoto", waulizwe akifa nani ataachiwa.

115 ni nini? Kweli wanakuja?

115 ni namba ya bure ya mfumo wa m-mama, ulianzia mikoa ya kanda ya ziwa kwa ushirikiano wa serikali na Vodafone Foundation, na Aprili 2022 ukazinduliwa kwenda nchi nzima. Ni kwa wajawazito, waliojifungua ndani ya siku 42 na watoto wachanga, kwa hali ya dharura tu. Anayepokea ni nesi, sio askari. Atakuuliza uko wapi, mgonjwa ana nini, mimba ya miezi mingapi au amejifungua lini, anaongea au hajitambui, alafu anaamua apelekwe kituo gani na nani amchukue.

Kitu ambacho wengi hawakijui, anayekuja sio lazima ambulansi. Ambulansi ikiwa mbali wanampigia dereva wa jamii, ni mtu wa hapohapo mwenye gari lake aliyesajiliwa, analipwa kwa simu akishakufikisha, wewe humlipi. Kwenye maji ni boti. Binafsi naona hili ndio wazo zuri kuliko yote yaliyokuja miaka hii, kwasababu magari yalikuwepo vijijini siku zote, mwenye Noah yupo, mwenye kenta ya mazao yupo, kilichokuwa kinaua ni mabishano ya bei usiku wa manane, "laki moja na nusu au niendelee kulala". Wanakuja? Mara nyingi wanakuja. Kuna mahali dereva mmoja anahudumia kata tatu, au barabara imekatika na hamna dereva anayeweza kufanya lolote. Kwahiyo piga mapema, ukiona dalili, sio mama akishakuwa baridi.

Sisi tuko kisiwani. Usiku ziwa limechafuka, mtumbwi hauwezi kutoka. Tufanyeje?

Hapa hamna jibu tamu. Chukua Ukerewe, ni visiwa 38 kwenye Ziwa Victoria, hospitali ya wilaya iko Nansio, na kisiwani Ukara unafika kwa kivuko cha kutoka Bugolora, njia ileile ambayo MV Nyerere ilizama Septemba 20, 2018 na kuua zaidi ya watu 220, hiyo mchana kweupe na karibu kabisa na gati. Sasa mfikirie mama mwenye uchungu wa siku ya pili kwenye mtumbwi wa injini ya mkopo saa tisa usiku, kalazwa juu ya turubai, mtu mmoja anamshika kichwa, mwingine anakomba maji kwa kopo, wifi yake kashika tochi ya simu na dripu kwa mkono mmoja, na nahodha anasema tukizima injini tumekwisha. Nimewahi kukaa kwenye mtumbwi wa namna hiyo na sitaki mtu anieleze kwamba kinamama wa visiwani "hawana mwamko".

Jibu la visiwani ni kuvuka kabla. Wiki ya 36 au 37 mama awe ameshavuka, hasa wale tuliowataja juu. Upepo wa ziwa una majira yake na wavuvi wanayajua kuliko sisi wote, waulizwe. Wanaobaki wahakikishe zahanati ya kisiwani ina dawa ya kukaza kizazi na ya kifafa cha mimba, maana hizo mbili zinanunua masaa mpaka kupambazuke.

Mkunga wa jadi ana ubaya gani? Mimi alinizalisha mama yangu.

Hana ubaya wa moyo. Ana mikono, ana maneno mazuri, anakuja usiku bila kununa na anakubali kulipwa kuku. Hana damu ya kuongeza, hana oksitosini, hawezi kupasua. Uzazi mwingi unaenda salama kwa yeyote yule, hata ukijifungulia shambani, kwahiyo mkunga ana historia ndefu ya kufaulu na hiyo historia ndio inayomponza siku mambo yanapoharibika. Vijiji vilivyofanya vizuri havikumfukuza, vilimbadilishia kazi. Anamsindikiza mama zahanati, anaingia nae pale inaporuhusiwa, anamshika mgongo. Msimtukane kwenye mikutano ya kijiji, ukimtukana anaendelea kuzalisha kwa siri na akikwama anaogopa kuwaita.

Dawa za kienyeji za kuongeza uchungu zinasaidia?

Zinaongeza uchungu kweli, tatizo ndio hilo. Nyingine zinakaza kizazi kwa nguvu ambayo hamna anayeipima, njia ikiwa haijafunguka au mtoto kakaa vibaya kizazi kinapasuka. Hata dawa za hospitali za kazi hiyo zinatolewa kwa matone na mtu amekaa pembeni anahesabu. Na vidonge vya misoprostol vinavyouzwa dukani "vya kuharakisha" ni hatari ileile kabla mtoto hajatoka. Umeshakunywa? Mwambie nesi, usimfiche hata akinuna, maana bila kujua anaweza kukuongezea dawa juu ya dawa.

Wazee wanasema uchungu ukichelewa ni kwamba mwanamke alitoka nje ya ndoa, mpaka amtaje mwanaume ndio mtoto atoke.

Hili bado lipo, tusidanganyane. Mama yuko kwenye uchungu wa masaa 20, badala ya pikipiki anawekewa kikao. Anaombwa ataje. Wengine wanataja jina lolote ili waachwe, na mtoto hatoki, kwasababu hatoki kwa kuwa kichwa ni kikubwa kuliko njia au amelala kwa mshazari. Uchungu ukizidi masaa 12 hajajifungua ni safari, hata kama kila mtu ana wasiwasi na ndoa hiyo. Mambo ya ndoa yataongelewa mama na mtoto wakiwa hai, wazee watakuwepo tu. Mzee mmoja alinijibu vizuri nilipombana kidogo, akasema "mwanangu, basi aungame njiani". Nikasema shikamoo mzee, twendeni.

Huku umasaini mjamzito anapunguzwa chakula ili mtoto asiwe mkubwa. Si inasaidia asipasuliwe?

Mantiki yake inaeleweka, hospitali ni siku nzima ya kutembea na kila mtu anamjua aliyekwama akafa, kwahiyo bibi anafanya anachoweza kwa alichonacho, anamnyima maziwa na nyama miezi ya mwisho. Shida ni kwamba nyonga haiongezeki kwa njaa, na mama anaingia kwenye leba damu ikiwa ndogo, hana nguvu ya kusukuma, akitoka damu kidogo tu anazimia. Mtoto nae anazaliwa mdogo anashindwa kunyonya. Usiende kubishana na bibi kwa karatasi, mwambie anachokiogopa ni sahihi kukiogopa ila dawa yake ni kumsogeza binti mapema. Wengi wanaelewa wakiongeleshwa kwa heshima.

Si wanasema kujifungua ni bure? Mbona tunaambiwa tuje na vitu?

Sera ya Tanzania ni bure kwa mjamzito kwenye vituo vya serikali. Uhalisia ni orodha: glovu, pamba, bledi mpya, kibana kitovu au uzi, mpira wa kulalia, beseni, kanga tatu nne safi, wakati mwingine sindano na dripu pia. Wengine wanabaki nyumbani kwa aibu ya kukosa beseni, na hili linaniuma kuliko mengi. Hakuna anayeruhusiwa kumrudisha mama mwenye uchungu kwasababu hana vifaa, ukirudishwa kapige kelele kwa mganga mfawidhi au mtendaji wa kata. Hata hivyo anza kununua kimoja kimoja kuanzia mwezi wa nne wa mimba. Fedha kubwa ni nauli na chakula cha wanaomsindikiza, ambayo sera haikuitaja, vikundi vya vikoba vingine vina mfuko wa dharura wa uzazi, ingia mapema.

Dalili zipi sitakiwi kusubiri hata asubuhi?

Damu yoyote wakati wa ujauzito. Kichwa kinauma sana hakisikii panadol, macho yanaona ukungu au nyotanyota, uso na mikono imevimba, maumivu juu ya tumbo chini ya mbavu, hiyo ni njia ya kifafa cha mimba. Homa kali. Maji yamepasuka na uchungu hauji. Mtoto ameacha kucheza. Kondo halijatoka nusu saa baada ya mtoto. Uchungu zaidi ya masaa 12. Akikamatwa na kifafa mlaze kwa ubavu wa kushoto, usimtie kijiko mdomoni, usimwagie maji, na tafadhali hiki ni kifafa cha mimba sio mashetani, dawa yake inaitwa maginesiamu salfeti na ni ya bei ndogo tu.

Mume yuko machungani au kambi ya uvuvi. Nani anaruhusu mama aondoke?

Aruhusu kabla hajaondoka. Mezani, mbele ya mama mkwe na shemeji: ikitokea lolote msiningoje, ng'ombe fulani auzwe, fulani ashike pesa. Mama mkwe wengi sio wabaya, wanaogopa lawama za kuuza mali ya mwanao bila ruhusa, ndio unasikia "mwanangu tungoje kupambazuke". Mjamzito mwenyewe anajua mwili wake ila mara nyingi ni wa mwisho kuulizwa. Akisema nasikia vibaya, hiyo inatosha kuwa sababu.

Kliniki niende mara ngapi?

Shirika la Afya Duniani (WHO) tangu 2016 linasema mara nane, ya kwanza kabla ya wiki ya 12. Wengi huku wanaanza mwezi wa tano au sita kwa kuogopa kuonekana mapema, na TDHS ya 2022 ilikuta asilimia 65 tu ndio waliofika mara nne au zaidi. Ukienda pimwa presha, mkojo na damu, kama hawajapima uliza "presha yangu ngapi leo?" Na usiitupe ile kadi.

Zahanati wananitukana, ndio maana siendi.

Inatokea, na wanaojibu "sio kweli" hawajakaa kwenye benchi. Kituo kimoja nilichopitia, binti aliulizwa mbele ya watu kwanini nguo zake zina vumbi, alikuwa ametembea tangu saa kumi alfajiri. Hakurudi, akajifungulia nyumbani. Nesi mmoja anazalisha, anachanja, anaandika vitabu kumi, amelala masaa matatu, yote hayo ni kweli na bado hayampi ruhusa ya kumpiga mtu kofi mapajani. Enda na msindikizaji, jina la aliyekutukana liandike, peleka kamati ya afya ya kituo, ina wajumbe wa kijiji humo. Na vijiji vinavyomtafutia nesi nyumba nzuri na maji vinakaa nae muda mrefu, nimeliona hilo zaidi ya mahali pamoja.

Mama alipona lakini tangu ajifungue mkojo unamvuja wenyewe. Ni laana?

Ni fistula. Mtoto alikaa muda mrefu njiani, nyama kati ya kibofu na uke ikakosa damu ikaoza ikatoboka. Inatibika kwa oparesheni, na hospitali ya CCBRT Dar inatibu bure na hata nauli inatuma kwa simu kwa anayemleta mgonjwa. Kuna wanawake wamekaa nayo miaka 20 wakijificha jikoni. Kama unamjua mmoja, mwambie wiki hii.

Kenya wenzetu wanafanyaje?

Wana sehemu mbili za nchi kama sisi. Tangu Juni 2013 kujifungua kwenye hospitali za umma kulifanywa bure, 2016 ukaja mpango wa uzazi wa bure wa Linda Mama, na Oktoba 2024 mambo yakahamia SHA, mamlaka mpya ya bima ya afya. Lakini kaunti za kaskazini, Mandera, Wajir, Marsabit, Turkana, umbali ni uleule wa masaa na usalama barabarani ni mdogo, makadirio yaliyotokana na sensa ya 2009 yaliiweka Mandera kwenye 3,795 kwa vizazi hai 100,000, kati ya namba mbaya kabisa kuwahi kutajwa duniani. Bure haina maana kama hufiki.

Kijijini kwetu mtandao haushiki na simu haina salio. 115 itapigika?

Salio halihitajiki. Mtandao unahitajika. Kila kijiji cha namna hiyo kina mahali pake, kichuguu, mwembe, mlima nyuma ya shule, ambapo simu inashika vijiti viwili, hakikisheni watu wawili wa nyumbani wanapajua hata gizani na wana tochi. Mwenye pikipiki karibu awe ameshaambiwa. Zahanati ikiwa karibu kuliko mtandao kimbilieni zahanati, nesi ndio apige. Na mimba ikifika mwezi wa tisa, simu yenye chaji ibaki nyumbani na mama, baba akienda gulioni aende bila simu.